Faili lililoandikwa "hali tulivu": kisa cha binti mwenye kasoro ya otofajia

Kisa hiki ni cha mgonjwa mmoja ambaye seli zake hazijisafishi vizuri, kazi iitwayo otofajia. Umri wake nimeusogeza kidogo, yanayoweza kumtambulisha nimeyaondoa, na wazazi wake wameridhia kiandikwe. Nilimpokea akiwa na miaka 18, siku alipohamishwa kutoka kliniki ya watoto kuja kwetu ya watu wazima. Faili lake lilikuwa nene kiasi cha kufungwa kwa kamba. Ukurasa wa juu ulisomeka: "Ulemavu wa akili na kifafa. Hali tulivu." Maneno mawili ya mwisho ndiyo yaliyotugharimu.

Usuli

Alizaliwa wakati wake, uzito wa kawaida, akalia papo hapo. Wasiwasi uliingia polepole. Alikaa akiwa na miezi 10, akatembea akiwa na miaka miwili na nusu, miguu imetanuka kama mtu aliyesimama kwenye ngalawa. Maneno yalikuja machache na yakabaki machache. Alipotimiza mwaka alipata degedege la homa. Akiwa na miaka 3 akaanza vipindi vya kukodoa macho na kutoweka kwa sekunde kadhaa, akaanzishiwa valproeti. Kufikia miaka 4 alikuwa akisugua viganja mchana kutwa kama anayenawa, na usingizi wake wa usiku ulikuwa wa vipande vipande.

Mtoto wa kike anayesugua viganja namna hiyo humfanya daktari yeyote wa neva awaze ugonjwa wa Rett, maradhi ya jeni ya ubongo yanayowapata hasa wasichana. Wenzetu waliwaza hivyohivyo, wakapima jeni ya MECP2, ambayo kasoro yake huleta ugonjwa huo, ikarudi haina kasoro. MRI aliyofanyiwa akiwa na miaka 5 ilionyesha ubongo wa kawaida, ila daraja linalounganisha nusu zake mbili lilikuwa jembamba kidogo. Hapo msako ukasimama. Siwalaumu kwa hilo. Wakati ule kusoma jeni zote za mtoto hakikuwa kipimo cha kuagiza hivihivi, na jeni tuliyokuja kuikuta haikuwa imehusishwa na ugonjwa huu hadi mwaka 2012.

Kisha ikaja miaka mizuri. Kati ya miaka 6 na 15 alijifunza kula kwa kijiko, kushuka ngazi kwa kushika mkono mmoja tu, kuitikia jina lake na kuchagua nguo anayoitaka. Kifafa kilikoma alipofika miaka 11. Kila ziara mtu aliandika sentensi ileile, na mwishowe sentensi hiyo ikawa utambuzi wenyewe: hali tulivu.

Mambo yalivyokwenda

Akiwa na miaka 16 mama yake alisema binti amekuwa mzito. Mate yalidondoka, mdomo ukabaki wazi, akaanza kuanguka. Uamuzi wa kwanza wa kliniki ulikuwa wa busara: valproeti yenyewe inaweza kuleta mtetemo na ugumu wa viungo unaofanana na Parkinson, kwa hiyo wakaipunguza na kuweka levetirasetamu, dawa nyingine ya kifafa, mahali pake, wakasubiri miezi mitatu. Hakupata nafuu. Uamuzi wa pili ndio ninaoutilia shaka. Uzito wake ukaelezwa kuwa ni mambo ya balehe, labda na huzuni, akapangiwa kurudi baada ya miezi sita. Akarudi. Akapangiwa sita mingine.

Siku aliyofika kwetu, mama hakuanza kwa maelezo. Alitoa simu. "Daktari, wewe angalia tu," akasema, akanifungulia video alizozipanga kwa mwaka. Katika ya kwanza binti ana miaka 12, anashuka ngazi akicheka, kikombe cha plastiki mkononi. Katika ya pili ana miaka 15, anashuka ngazi zilezile lakini mkono wa kushoto umeganda ubavuni, haupepei. Katika ya tatu ana miaka 17. Amekaa, kikombe kipo mezani mbele yake, anakitazama. Mkono unaanza kwenda, unasita nusu ya njia, unarudi. Video ilikuwa fupi, haikufika dakika moja, na ilikuwa na habari kuliko kurasa zote zilizofungwa kwa ile kamba.

Nilipomkunja kiwiko nilikuta ugumu wa kukatikakatika, ule wa gurudumu la meno. Mguu wa kulia ulijipinda kwa ndani kila alipojaribu kusimama. Hii haikuwa hali tulivu. Mtu aliyekuwa akipanda alikuwa sasa anashuka.

Tuliagiza MRI nyingine, safari hii tukaomba picha maalumu zinazoonyesha madini ya chuma. Sabstansia nigra, ule ukanda mweusi wa ubongo wa kati, ilikuwa imejaa chuma kuliko globasi palidasi iliyo juu yake. Katika picha ya aina nyingine, T1, ukanda huohuo ulizungukwa na mwanga uliopasuliwa katikati na mstari mweusi. Mtaalamu wa picha alinipigia kabla hajaandika ripoti. Alama ile ikionekana kwa msichana mwenye historia kama hii, yabaki majina machache sana ya kufikiria. Kusoma jeni zake zote zinazotengeneza protini kulithibitisha: kasoro katika WDR45, jeni iliyo kwenye kromosomu X. Ilikuwa mpya kwake, wazazi wote wawili hawakuwa nayo. Ugonjwa huo, ambao seli za neva huharibika huku chuma kikirundikana ubongoni, huitwa BPAN kwa kifupi.

"Kwa hiyo kitu hiki kilikuwepo tangu mwanzo?"

Hilo lilikuwa swali la mama. Kwa miaka 18 aliamini ni dawa aliyoimeza akiwa mjamzito. Nilimjibu kwamba kasoro ilikuwepo tangu siku ya kwanza, na hakuna alichokula wala kumeza kilichoileta. Baba akauliza la pili, ambalo ni gumu zaidi: kama ilikuwepo, ilingoja nini?

Jibu lipo katika namna seli ya ubongo inavyosafisha nyumba yake.

Kila seli hula sehemu zake yenyewe. Christian de Duve, aliyegundua lisosomu, kifuko cha kusaga taka ndani ya seli, ndiye aliyeipa kazi hiyo jina la Kigiriki mwaka 1963: otofajia, yaani kujila. Utando hujipinda kuzunguka protini zilizoharibika au mitokondria (vinu vya nishati vya seli) iliyochakaa, hufumba kama mfuko, kisha mfuko huungana na lisosomu yenye vimeng'enya vikali. Vilivyomo huvunjwa, na asidi amino zake hurudi kazini kujenga protini mpya. Yoshinori Ohsumi alipewa Tuzo ya Nobel ya 2016 kwa kazi iliyoanzia kwenye hamira na kufichua jeni zinazoendesha shughuli hii. WIPI4, protini inayotokana na WDR45, huingia kazini mfuko ungali unakua: hushika aina fulani ya mafuta juu ya utando na kushirikiana na ATG2, protini nyingine ambayo husafirisha mafuta ya kuurefusha. WIPI4 ikikosekana otofajia haikomi, lakini inalegea, na mifuko isiyokomaa hurundikana.

Seli ya ngozi yenye takataka ina njia ya mkato: inagawanyika, mzigo unagawanywa kwa wawili, na baadaye inapukutika. Seli za neva, karibu zote, hazina njia hiyo. Mtu huzeeka na zilezile alizozaliwa nazo. Mwaka 2006 timu mbili za Japani zilizima otofajia katika seli za neva za panya pekee, moja kwa kuondoa jeni ya Atg5, nyingine Atg7. Panya walizaliwa, kisha wakaanza kuyumba, na ndani ya seli zao yakajaa mabonge ya protini zenye alama ya ubikwitini, alama ambayo seli hubandika juu ya kitu cha kutupwa. Hakuna aliyewaongezea protini mbaya ya ugonjwa wowote. Usafi ulisimama, basi.

Isitoshe, seli ya neva ni ndefu. Mifuko mingi huundwa kwenye ncha ya aksoni, mkia mrefu wa seli, na kusafirishwa kurudi kwenye mwili wa seli, njiani ikikutana na lisosomu. Seli za sabstansia nigra zinazotoa dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza miendo, ndizo zenye mzigo mkubwa kupita kiasi: aksoni ya seli moja ya binadamu, ukijumlisha matawi yake, hukadiriwa kupita mita 4. Dopamini nayo ikiathiriwa na oksijeni huacha rangi nyeusi inayonasa chuma. Ukitafuta seli ya kwanza kuelemewa na usafi uliolegea, ni hii.

Sasa swali la baba. Utotoni otofajia hutumika pia kujenga. Ubongo mchanga huunda sinapsi, yaani maungio kati ya seli za neva, nyingi kuliko unazohitaji, kisha hupogoa. Panya ambao otofajia yao ya seli za neva imezimwa hubaki na miiba ya sinapsi kupita kiasi na hawachangamani vizuri na wenzao. Ndiyo maana binti huyu alichelewa kutembea na kusema: sehemu ya kasoro ilijitokeza wakati wa kujenga.

Miaka ya katikati ndiyo iliyotudanganya. Ujenzi mkubwa umekwisha, na takataka bado hazijafika kimo cha kuua. Mwili una njia nyingine za kupunguza makali. Protini mojamoja iliyoharibika inaweza kukatwakatwa na proteasomu, mashine ndogo ya kukata protini, bila kungoja mfuko. Protini za familia ya WIPI ziko nne, na ndugu watatu wa WIPI4 wako kazini. Tena, kwa kuwa ni msichana ana kromosomu X mbili, na kila seli huzima mojawapo. Kwa hiyo ubongo wake ni mseto: seli zinazotumia nakala nzima ya jeni zimekaa bega kwa bega na zinazotumia mbovu. Nyuma ya pazia la miaka ile mizuri, zile mbovu zilikuwa zikijaa.

Kisha umri. Otofajia hupungua hata kwa asiye na kasoro. Mwaka 2019 watafiti waliofuatilia seli za neva za panya waliona uundaji wa mifuko ukishuka kadiri panya anavyozeeka, na walipoongeza WIPI2B, ndugu mmojawapo wa WIPI4, uundaji ukarudi. Sote tunateremka mlima huo. Yeye alianzia chini.

Maamuzi ya matibabu na sababu zake

Tulianza levodopa, dawa inayogeuka dopamini ubongoni, kwa dozi ndogo. Tulijua kwamba kwa wagonjwa wa BPAN husaidia sana mwanzoni, kisha nguvu yake hufifia mapema, na mikono hucheza bila hiari mapema kuliko kwa mzee wa Parkinson. Niliwaambia wazazi hivyo kabla ya kidonge cha kwanza, kwa maneno ambayo mama aliyaandika. Wiki ya tatu binti alisimama mwenyewe na kwenda mlangoni. Mama alituma video. Safari hii kikombe kilifika mdomoni.

Mguu uliojipinda tuliuchoma sindano ya sumu ya botulinamu. Mtaalamu wa kumeza alibadilisha ugumu wa chakula chake baada ya kugundua kwamba vinywaji vilikuwa vikielekea mapafuni kimyakimya.

Kuhusu chuma, wazazi waliuliza kwa nini tusikiondoe kwa dawa. Tulikataa. Chuma hutunzwa ndani ya feritini, na feritini hufunguliwa lisosomuni kwa njia hiihii ya otofajia. Kukivuta chuma kutoka damuni si kukirudisha njiani ndani ya seli, na dawa yenyewe inaweza kuangusha chembe nyeupe za damu. Rapamaisini, inayoamsha otofajia kwa kuzuia mTOR, protini inayoibana otofajia, tuliijadili kwa dakika kumi hivi na kuiacha: inashusha kinga kwa binti ambaye kifua chake tayari kilikuwa hatarini, tena inabonyeza swichi iliyo juu ya hatua iliyoharibika.

Kisha likaja tusilolitarajia. Miezi miwili baada ya majibu ya jeni, alikuwa amepungua uzito waziwazi na alipata kifafa, cha kwanza baada ya miaka saba. Dawa zilikuwa zilezile. Tuliomba daftari la chakula. Mama alilitoa taratibu, bila kumwangalia mumewe. Siku tatu kwa wiki mistari ya asubuhi na mchana ilikuwa mitupu.

Baba hakuficha. "Daktari, nimesoma kwamba mtu akishinda na njaa mwili hula uchafu wake. Na huyu si ndio ugonjwa wake, uchafu?"

Hoja haikuwa ya kipuuzi. Nimewasikia wahitimu wakijenga mbovu kuliko hiyo. Njaa kweli huamsha otofajia, lakini si kila mahali kwa kiasi kimoja. Jaribio lililochapishwa mwaka 2004 liliwanyima panya chakula kwa saa 48: ini na misuli vilijaa mifuko, ubongo haukuonyesha ongezeko. Mwili hutoa vya wengine kabla ya kugusa vya ubongo. Tena kasoro ya binti haiko kwenye amri ya kuanza kazi, iko kwa fundi anayeunda mfuko; kuzidisha amri hakumpi fundi mkono wa pili. Kilichotokea badala yake ni kwamba kila asubuhi ya njaa ilikuwa pia asubuhi iliyokosa levetirasetamu, kwa sababu vidonge vyake vilikuwa vikisagwa kwenye uji. (Upo mlo wa kitabibu wa mafuta mengi unaotumika kutuliza kifafa kwa baadhi ya watoto. Huo hupimwa gramu kwa gramu, na si sawa na kuruka milo.)

Baba alinyamaza, kisha akauliza kama amemharibu. Nilimwambia hapana. Uzito ulirudi ndani ya wiki chache na kifafa hakikujirudia.

Matokeo

Kufikia miaka 21 anatumia kiti cha magurudumu nje ya nyumba. Levodopa bado inamsaidia, ila tumeigawa katika dozi ndogo mara sita kwa siku, kwani dozi kubwa humfanya arushe mikono. Maneno aliyokuwa nayo yamebaki mawili. Anawatambua watu wake kwa sauti. Kifua kimemlaza wodini mara moja tu. Wazazi walipewa ushauri wa jeni: uwezekano wa mtoto mwingine kuwa na kasoro hii ni mdogo, ingawa si sifuri, kwa sababu mzazi anaweza kuibeba katika baadhi ya mbegu au mayai bila kipimo cha damu kuiona.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichoshindikana

Utambuzi ulichelewa miaka miwili tangu dalili mpya zianze. Je, ungewahi, ugonjwa ungezuilika? Hapana. Angeipata levodopa wakati angali na misuli ya kuitumia, asingeanguka mara zile zote, na wazazi wangejiandaa. Hicho ndicho kiasi cha hasara, nami sitaki kukikuza wala kukipunguza.

MRI ya kwanza haikuwa na kosa. Chuma katika BPAN mara nyingi hakionekani utotoni. Kosa lilikuwa kuichukulia picha ya miaka 5 kana kwamba ni ya maisha. Ubongo usiovuka kiwango cha takataka leo unaweza kukivuka baada ya miaka kumi, na picha haina namna ya kusema hivyo. Kwa mtoto mwenye ucheleweshaji usio na jina, kifafa na usingizi uliovurugika, picha ya zamani iliyo safi ilipaswa kuwa na tarehe ya kurudiwa, na jeni zake zilipaswa kusomwa tena teknolojia ilipobadilika.

Kupunguza valproeti kulikuwa sahihi, na kungekuwa bora zaidi kama kungeambatana na swali la "ikishindikana, je?" Miezi mitatu ilipopita bila nafuu, jaribio lilikuwa limetoa jibu lake. Hakuna aliyelisoma.

Kosa la njaa ni letu. Siku ya majibu nililitamka neno "otofajia" mbele ya baba kwa fahari kidogo ya mtu anayejua kitu, nikaeleza kwa dakika mbili, nikaagana naye. Neno likabaki hewani, akalifuata mwenyewe hadi lilikompeleka. Sasa tukilitaja tunaeleza palepale kwa nini kufunga si dawa yake, kabla hatujaulizwa, na muuguzi hupiga simu wiki moja baadaye kuuliza wamesoma nini.

Kilichofaa kuliko vyote hakikutoka kwetu. Ni video tatu kwenye simu ya mama, ngazi zilezile na kikombe kilekile. Fomu yetu ya kumhamisha mgonjwa kutoka kliniki ya watoto haina tena kisanduku cha "hali tulivu". Mahali pake pana swali: ni kitu gani alikuwa akikiweza mwaka jana ambacho leo hakiwezi? Mama huyu alikuwa na jibu lake tangu binti ana miaka 16.